Daku Kabla ya Upasuaji

Nakumbuka hata kanga aliyovaa marehemu bibi yangu, siku aliponikamata mchana wa Ramadhani na sukari ya visheti kidevuni. Nilikuwa msichana mkubwa, nishavunja ungo, na nimeshaapa mbele yake kuwa sijala kitu. Hakunichapa. Alinifuta kidevu kwa kidole, akasema, "Zuhura, njaa haina aibu. Ungesema umeshindwa, ungeilipa siku yako yakaisha. Sasa umeuzoesha mdomo uongo. Siku utakayotakiwa kusema kweli ndipo uokoke, mdomo utautoa wapi?"

Mie nikanuna. Nikaona kizee ananionea.

Mwanangu, nimezaa, nimezika, nimepata wajukuu, na maneno yale nikayasahau kabisa. Mpaka juzijuzi, maumivu yalipoanza chini ya kifua yakipenya hadi mgongoni. Nilikunywa kila mzizi unaouzwa Bagamoyo hii. Binti yangu Mwanaidi akanivuta hadi hospitali moja kubwa Dar, wakapiga picha, wakakuta uvimbe kwenye mkia wa kongosho. Ukiachwa, wakasema, huenda ukageuka kitu kibaya. Watautoa kwa roboti, bila kunipasua tumbo zima. Ila daktari bingwa wa kazi hiyo ni mgeni, yupo siku chache tu, na wagonjwa ni foleni.

Nesi akanisisitizia: usiku wa kuamkia upasuaji, tangu saa sita, nisitie kitu mdomoni. Nikaitikia vizuri tu. Lakini kichwani najisemea, loo, toka lini mtu akafunga bila daku? Daku si lina baraka? Bibi yuleyule ndiye aliyenifunza. Basi kabla ya adhana ya alfajiri, pale nyumbani kwa Mwanaidi, huko Bunju, nikafungua hotipoti niliyotoka nayo nyumbani, nikala wali wa nazi na mchuzi wa pweza. Nikashiba, nikanuia.

Asubuhi nimelazwa kitandani, nimevishwa gauni lao, akaja daktari wa usingizi, kijana mpole.

"Shikamoo bibi. Umekula chochote tangu jana usiku?"

"Marahaba baba," nikajibu salamu kwanza.

Nikisema ndiyo, zamu yangu inakwenda, na mgeni anaondoka na mikono yake. Nikisema hapana, nani atajua? Ulimi ulishaanza kutamka hapana. Wallahi, nikahisi kidole cha bibi kidevuni.

"Nimekula daku, mwanangu. Wali na pweza."

Kijana akashika kiuno. Nilidhani atanifokea, kumbe alishusha pumzi. "Bibi, umejiokoa. Ukilala kwa dawa yangu, wali ule ungeweza kupanda ukaingia mapafuni. Mashine yetu inaona hata mshipa mwembamba kama uzi, lakini ulichokula haituambii. Hilo unalijua wewe peke yako." Nikalia kama mtoto. Akaniuliza na dawa, nikamtajia mizizi yote, mmoja mmoja.

Zamu yangu ikapewa mwingine, mie nikasogezwa hadi kesho yake. Kawia ufike. Siku hiyo nilifunga kweli, bila daku, nikaingizwa chumba cha upasuaji. Nilidhani roboti ana miguu kama wa katuni za wajukuu! Kumbe ni mikono ya chuma tu, na daktari ameketi pembeni, uso ameuinamisha kwenye kioo, yeye ndiye anayeiendesha. Nilipozinduka nilikuta vitobo vichache tumboni, kila kimoja kama tundu la kifungo. Majibu yalipotoka, uvimbe haukuwa saratani. Alhamdulillahi! Mwanaidi alipiga kigelegele wodini, nesi akamfukuza huku anacheka.

Basi sikia, mwanangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Daktari akikuuliza, mwambie: dawa ya kienyeji uliyokunywa, kidonge ulichoruka, hata tonge moja ulilomeza kwa siri. Usichague jibu la kumfurahisha. Na akikukataza jambo usilolielewa, muulize sababu palepale, usilipindishe kwa mazoea ya nyumbani kama nilivyofanya mie, mtu mzima ovyo.

Mungu akuondolee maradhi, akupe waganga wenye mikono myepesi. Na siku utakapoulizwa neno ambalo uhai wako umelikalia, mdomo wako usikukimbie. Amin.