Kibuyu cha Mrithi

Mdogo wangu alikuwa fundi mwashi, na pale Kimuli ukiona ukuta umenyooka ulijua ni kazi yake. Kisha mikono ikaanza kumtetemeka. Asubuhi hawezi kuinua kikombe cha chai bila kumwaga mpaka apate gongo ya kumtuliza, na akishatulia hashikiki tena mpaka jioni. Mkewe alivumilia sana, mwisho akafunga mizigo, akamchukua mtoto na kurudi kwao Bugomora. Simlaumu. Mimi ningeondoka mapema zaidi, maana subira sikujaliwa, na mdomo wangu wanaujua wote wanaoniletea nguo kushona.

Siku aliyotapika damu tulimkimbiza hospitali. Daktari alituita pembeni, mimi na Mama, akasema ini limechoka. Akiacha pombe sasa, ana maisha mbele yake. Akiirudia, tujiandae kuzika.

"Sasa tumwachisheje?" nikauliza.

"Aache tu," akasema, akaita mgonjwa mwingine.

Aache tu! Kana kwamba ni kofia, unaivua na kuitundika ukutani. Nilitaka kumjibu, Mama akanifinya mkono.

Basi nikaanza kutafuta. Kwetu ukishikwa na malaria, hata mtoto mdogo anajua pa kukupeleka. Ukivunjika mguu, yuko wa kukuelekeza. Lakini mtu anayeliwa na pombe unampeleka wapi? Mwenyekiti wa kitongoji alinishauri tumweke mahabusu kidogo, akili imkae sawa. Zahanati walimtundikia dripu na kumpa vidonge vya vitamini. Mchungaji wetu alikuja nyumbani, akamwekea mikono, wakalia wote wawili, na niseme kweli, sala ile ilimshika. Ilimshika mpaka Jumamosi ya mnada. Shangazi naye alileta dawa ya mizizi ya kumfanya aichukie pombe. Mdogo wangu aliinywa yote, akatapika sana, na aliyechukiwa akawa shangazi.

Nikaenda hadi ofisi ya ustawi wa jamii. Nilimkuta dada mmoja mpole, akanisikiliza mpaka mwisho bila kutazama simu, jambo ambalo hata mume wangu haliwezi. Akaniambia ziko nyumba za upataji nafuu, mtu anakaa huko miezi, anasaidiwa na wenzake waliowahi kunywa wakaacha.

"Ziko wapi, dada yangu?"

"Kwa huku kwetu siijui hata moja. Labda muulizie Mwanza."

Mwanza! Mtu ambaye sikuwa na uhakika kama atafika kituo cha magari bila kupotelea kilabuni, nimfikishe Mwanza. Nilishukuru, nikatoka, nikakaa kwenye ngazi za ofisi ya serikali nikalia, watu wakinipita na mafaili yao.

Aliyenisaidia ni mteja wangu, mama aliyekuja kushonesha sare za watoto. Nilikuwa nampima mmoja mabega huku nikilalamika, kama kawaida yangu. Alisubiri watoto watoke nje ndipo akaninong'oneza kwamba mume wake huwa anakwenda mahali kila Alhamisi, kwenye hospitali moja upande wa Karagwe. Kuna muuguzi wa afya ya akili anawakusanya walevi na ndugu zao. Walikuwa wanakaa nyumba ya nne kutoka kwangu, na siku zote hizo nilidhani mwanamume yule ameokoka.

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Ningekuambiaje? Si wewe na mdomo wako?"

Nikavuta daftari la vipimo, nikaandika jina la hospitali.

Alhamisi iliyofuata tulikwenda watatu, Mama, mimi na mdogo wangu katikati yetu, tumembana asije akatutoroka. Hakukuwa na kibao chochote. Nilipomuuliza mlinzi getini kwa sauti ya chini, akajibu kwa sauti ya kipaza: "Aa, wale wa pombe? Zungukeni nyuma, mlango wa mwisho!" Foleni nzima ya kliniki ya wajawazito ikageuka. Mdogo wangu aliinamisha kichwa, lakini hakurudi nyuma. Siku ile nilimpenda kwa hilo tu.

Chumba kilikuwa cha mabenchi, kina dirisha moja linalotazama jiko la hospitali. Walikuwemo wakulima wa kahawa, mwalimu mstaafu, na mwanamke aliyekuwa anapika gongo mpaka ikampika yeye. Hakukuwa na vitanda. Ilikuwa ni kukutana, kuzungumza, vidonge kwa wanaotetemeka, kisha kila mtu arudi kwao mpaka Alhamisi nyingine. Ndiyo huduma iliyokuwepo, nami niliiona kubwa.

Muuguzi alikuwa kijana wa Muleba. Alimwamkia Mama, akambembeleza kwa Kihaya, kisha akamuuliza kama nyumbani kuna pombe.

"Hapana, mwanangu," Mama akasema. "Sisi ni Walutheri."

"Na rubisi?"

Mama akashangaa kweli. "Rubisi? Hiyo nayo umeihesabu pombe?"

Chumba kizima kilicheka, na mdogo wangu akacheka pia. Muuguzi hakucheka. Alimwambia Mama polepole kwamba gongo ni pombe na rubisi ni pombe, na ini la mwanawe halijui ipi ya kilabuni na ipi ya heshima. Kwetu ndizi zinaivishwa shimoni, zinakanyagwa kwenye mtumbwi wa mti pamoja na nyasi, juisi inatiwa mtama, na kinachotoka ndicho kinachopokelea wageni, kinachoozesha binti, kinachozika. Tulikuwa tumemwaga kila chupa ya gongo tuliyoifuma darini, na wakati huo huo mtungi wa rubisi unachemka taratibu nyuma ya nyumba, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuona.

Aliyekuwa anaitengeneza ni Baba, na sifa yake ilifika Kibingo. Nilijiandaa kupambana naye. Nilipomweleza, hakubishana. Alimaliza kutafuna punje zake za kahawa, akatoka nje, akaupindua ule mtumbwi wa kukanyagia ndizi, akaufunika kwa majani makavu ya mgomba. Wageni waliokuja baada ya hapo walipewa chai. Wengine walisema mzee amekuwa bahili uzeeni. Aliwaacha waseme.

Mdogo wangu akaacha. Ilikuwa kazi, msidhani. Mwanzoni alitokwa jasho, akaona wadudu ukutani wasiokuwepo, akanitukana matusi ambayo sikujua kama anayajua. Lakini kila Alhamisi alikwenda. Uso ukarudi, macho yakaacha umanjano. Akajenga choo cha shule na kuta zilikuwa zimenyooka. Mkewe akaanza kumleta mtoto Jumapili, yeye mwenyewe anabaki barabarani, kisha siku moja akaingia mpaka uani. Mimi nilianza kulala usingizi.

Halafu Baba akafariki, uzee tu, usingizini.

Mdogo wangu alikuwa mtoto wa kiume pekee, kwa hiyo mrithi ni yeye. Siku ya kuanua matanga mrithi anakalishwa kwenye kigoda cha baba yake, anavishwa kanzu na koti la marehemu, anakabidhiwa mkuki, halafu anapewa kibuyu cha rubisi anywe kwa mrija mbele ya ukoo. Akishakunywa, kibanja ni chake na watu wanapiga vigelegele. Huyo ndiye mtu aliyekuwa ameambiwa kwamba akirudia atakufa.

Nilikwenda kwa baba mdogo, mdogo wake Baba, maana yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa shughuli. Nikamwamkia, nikapiga magoti, mimi nisiyepigia mtu magoti. Nikamwomba kwamba ndani ya kibuyu kile watie omuramba, ile juisi ya ndizi inayokamuliwa siku hiyo hiyo kabla haijachachuka, tunayowapa watoto. Ndizi ni zile zile, rangi inakaribiana, nani atajua?

"Mwanangu, nimekuelewa," akasema. "Waitu, mtoto wetu, ondoa wasiwasi. Nitakisimamia mwenyewe."

Nilimwamini. Asubuhi ya siku yenyewe niliikamua omuramba kwa mikono yangu, nikamkabidhi baba mdogo, na mdogo wangu nikamjulisha.

Watu walijaa mpaka migombani. Mdogo wangu alitoka ndani na kanzu ya Baba imemfika kwenye vifundo vya miguu kama alishonewa yeye, na Mama akaanza kulia kwa sababu kwa nyuma alikuwa Baba kabisa. Akakaa kwenye kigoda. Akapokea mkuki. Baba mdogo akamletea kibuyu, akakishika kwa mikono miwili, akasema maneno yanayosemwa.

Mdogo wangu alitia mrija mdomoni, akavuta.

Nilikuwa nimesimama karibu, nikaona. Alisita. Macho yake yalinyanyuka, yakanitafuta katikati ya watu, yakanipata. Nikajua papo hapo kwamba ni rubisi. Nikataka kupiga kelele, tema! Lakini kutema ni kumtemea marehemu, mbele ya ukoo wote, akiwa ndani ya nguo zake. Akameza. Vigelegele vikapigwa. Akavuta tena, safari hii kwa muda mrefu, na wazee wakaitikia kwa furaha kwamba mrithi amepatikana.

Nilimvaa baba mdogo nyuma ya jiko. Sikumbuki yote niliyoyasema, ila wanawake waliokuwa wanamenya ndizi waliacha visu. Hakujitetea sana. Alisema usiku aliwaza, akaona haiwezekani mwana wa kaka yake arithi kwa kinywaji cha watoto, wangemcheka maisha yake yote. "Nikasema funda moja tu, mwanangu. Funda moja litamfanya nini?" Alimpenda kaka yake na aliona anamtengenezea mwanawe heshima, na hilo ndilo lililonifanya nishindwe hata kumlaani vizuri.

Kabla wageni hawajaondoka mdogo wangu alikuwa na kibuyu cha pili, na hicho hakupewa na mtu. Kabla ya kahawa kuanza kuiva alikuwa amerudi kwenye gongo. Nilikwenda Alhamisi peke yangu, nikakaa kwenye benchi kati ya wake za watu. Muuguzi akasema mlete, mlango uko wazi, wengi wanaanguka na kurudi. Nikarudi kumbembeleza, nikamfokea, nikambembeleza tena. Alikuwa anaitikia "sawa dada", na Alhamisi inamkuta hayupo. Mkewe akaacha kuja hata barabarani.

Mama alimbebesha baba mdogo lawama zote. Hakuacha mtu apite bila kumweleza: aliyemuua mwanangu anatembea, anakula, nyumba yake ile pale. Wakati huo mwanawe alikuwa bado hai, tumbo limejaa maji, amelazwa.

Nilikuwa nakaa naye mchana. Siku moja nilikuwa namlisha uji, naye anakula kijiko anaacha, na mimi kama kawaida nikaanza kumsema baba mdogo, mzee mjinga, mzee wa sifa, kama si yeye leo ungekuwa unajenga. Akanishika mkono wenye kijiko.

"Dada, mwache yule mzee."

"Nimwache? Amekuua!"

"Nilipovuta lile funda la kwanza nilijua. Ukaniona nikikutazama."

"Nilikuona. Ulikuwa unaniomba msaada."

Akatikisa kichwa. Akafumba macho, nikadhani amesinzia.

"Nilikuwa nakutazama nione kama umejua," akasema. "Maana nilifurahi, dada. Nilifurahi mno. Nilishukuru kwamba safari hii aliyekosea ni mtu mwingine."

Nikakirudisha kijiko bakulini. Mimi, na mdomo wangu wote huu.

Akaniomba nisimwambie Mama. Akasema Mama akiwa na mtu wa kumchukia itamsaidia, mwache amchukie. Kisha akaomba maji, nikampa. Alifariki wiki hiyo hiyo, tukamzika pembeni ya Baba.

Mama hamsalimii baba mdogo mpaka leo. Akikutana naye njiani anavuka upande wa pili, na mzee yule, ambaye zamani alikuwa haachi kuongea, sasa hata kwenye vikao vya ukoo anakaa karibu na mlango na kuondoka wa kwanza. Juzi alikuja kwangu kushonesha mfuko wa koti. Nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba huku akitazama chini. Nilishona mfuko ule taratibu sana, maneno ya mdogo wangu yamenijaa kinywani. Ningeyasema, mzee angerudi kwake amenyoosha mgongo, na Mama angebaki bila wa kumchukia. Nikakata uzi, nikamkunjia koti lake, nikamwambia, "Tayari, baba," naye akashukuru, akaenda.