Walimu Wawili Katika Kaburi Moja

Alhamisi asubuhi simu yangu ilianza kuita ujumbe juu ya ujumbe, nikajua kuna jambo. Kundi letu la tuliosoma shahada ya ualimu pamoja huwa kimya, halichangamki ila kwa harusi au msiba. Safari hii msiba. Mwenzetu wa Kibiti, mwalimu wa historia, amefariki baada ya kuugua siku chache tu, na maziko ni baada ya swala ya adhuhuri. Nikapanda basi la Lindi linalopitia Kibiti bila hata kunywa chai. Nawaambieni ukweli, wasomaji wangu: nimekwenda kuzika, nimerudi, na mpaka ninapoandika hapa kichwa changu hakijakaa sawa. Watu wote pale walikuwa wanamlilia mtu mmoja, mimi namlilia mwingine, na jeneza ni lile lile.

Pale msibani kila aliyefungua mdomo alisema jambo moja: alifaulisha. Mama mmoja anayeuza nazi sokoni, ambaye wanawe wawili walipita mikononi mwa marehemu, alikuwa akijifuta machozi kwa kanga na kusema, "Hana mfano yule. Mpole, haongezi neno. Anaandika ubaoni, watoto wananakili, mtihani ukija yamo yote." Mwalimu mwenzake akadakia kwamba darasa lake lilikuwa kimya hata inzi akipita unamsikia. Nikaitikia kwa kichwa, maana msibani hakubishanwi. Lakini moyoni najiuliza, jamani, huyu wanayemsema ni nani?

Kwa sababu mimi nilimjua mwingine. Tulipokuwa mwaka wa pili chuoni, tulipelekwa pamoja shule moja ya sekondari huko huko Kibiti kwa mazoezi ya kufundisha. Kwa asiyejua, anayesomea ualimu ngazi ya shahada hujazwa saikolojia ya elimu, falsafa ya elimu, mbinu za kufundishia na upimaji, halafu anatupwa darasani, na mhadhiri anakuja kukaa nyuma na karatasi yake ya alama. Ukianguka hapo unarudia mwaka. Mwenzangu alikuwa mtoto wa mkulima wa mpunga wa Mohoro, wa kwanza kwao kufika chuo, na baba yake alishawatangazia majirani wote kwamba mwanawe anarudi mwalimu. Alikuwa na maneno mwenzangu huyo! Mikono haitulii, sauti inasikika mpaka ofisi ya mkuu wa shule.

Siku ya kukaguliwa alikuwa na kidato cha tatu, mada ni vita vya Maji Maji. Mimi kipindi changu kilikwisha, nikaruhusiwa kukaa pembeni. Akaanza kwa Kiingereza kama andalio la somo lilivyotaka: chanzo, kuenea, sababu za kushindwa. Sababu ya kwanza, imani ya maji ya dawa, kwamba yangezuia risasi. Watoto wananakili huku macho yamewajaa usingizi. Akaweka chaki chini. Sasa, huku kwetu watu wa bondeni mtoni na watu wa vilimani kusini ni watani. Wanaambiana maneno ambayo wengine wangepelekana mahakamani, na hakuna anayekasirika. Darasa lile lilikuwa na wote. Mwenzangu, mtu wa mtoni, akawageukia wa vilimani na kuwauliza kwa Kiswahili, "Sisi tuliwapa maji mazuri kabisa ya dawa kutoka kwetu Ngarambe. Ninyi mkayafanya nini?"

Loo! Binti mmoja wa vilimani akasimama kama aliyechomwa sindano. "Mwe! Mlituletea maji yamechacha! Babu zetu wamekufa kwa uvivu wenu wa kuchota!" Mvulana wa mtoni akamrukia, "Babu zenu waliyachanganya na togwa, sisi tungejuaje?" Darasa likapasuka kwa kicheko. Mwenzangu anacheka nao, lakini hawaachii: haya, uliyepokea maji, ulipokea kwa nini? Binti akajibu kwamba watu walichoka kupigwa kwenye mashamba ya pamba, wangepokea chochote. Mwingine akasema kabla ya hapo babu zake hawakuwahi kwenda vitani pamoja na watu wa mtoni, maji ndiyo yaliyowakutanisha. Kisha yule binti akasema taratibu kwamba kwao wanasimulia bibi mmoja wa zamani aliyezika watoto wake kwa njaa iliyofuata vita, akabaki na mmoja tu, na ukoo wao wote umetoka kwa huyo mmoja. Kicheko kikakatika. Mvulana wa mtoni akamwambia, "Pole, mtani."

Ndipo mhadhiri akagonga dawati. Alikuwa mgeni wa upande huu wa nchi, hakujua. "Basi! Matusi ya kikabila darasani, tena kwa Kiswahili!" Mwenzangu akajieleza kwa adabu zote, "Samahani mwalimu, hawa ni watani, wanataniana tu." Mzee yule akamtazama juu ya miwani. "Utani umo kwenye muhtasari?" Akaandika: nidhamu hakuna, lugha siyo, andalio halikufuatwa. Mwenzangu akarudia mwaka.

Alihitimu nyuma yetu, akapangiwa Kibiti. Baadaye nilipita kumtembelea, nikasimama nje ya dirisha la darasa lake. Ubao umejaa, watoto wananakili, na imani ya maji ndiyo sababu ya kwanza ya kushindwa. Alipotoka nikamwuliza, "Bwana wee, watani wako wako wapi?" Akakung'uta chaki mikononi. "Ule utani ulinilia mwaka mzima, ukamwaibisha baba yangu mbele za watu. Hawa watoto wanataka kufaulu, basi." Nilitaka kumbishia, lakini watoto wake walikuwa wanafaulu kweli. Na sasa eti historia ya nchi inafundishwa kwa Kiswahili, na vyuoni wanahubiri kwamba mwalimu awashirikishe wanafunzi. Je, mwenzangu aliadhibiwa kwa kutangulia? Au yule mhadhiri ndiye aliyemtengeneza huyu mfaulishaji anayeliliwa na Kibiti nzima, na ningepaswa kumshukuru? Sielewi. Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Tulipokuwa tunatawanyika, binti mmoja aliyejitanda mtandio mweusi akanifuata. "Shikamoo. Nimeambiwa ulisoma na mwalimu." Nikaitikia marahaba. Alikuwa mwanafunzi wake, sasa anasoma shahada ya ualimu, ameichagua kwa ajili yake. Nikamsimulia kipindi kile chote, maji yaliyochacha, togwa, pole ya mtani. Nilidhani ataniuliza habari za alama, maana naye kukaguliwa kwake ku karibu. Akanitazama, machozi yakamjaa upya. "Kumbe mwalimu alikuwa anacheka?" akasema. "Miaka yote aliyotufundisha, hatukuwahi kuyaona meno yake."

Mimi sina cha kuwafundisha wakufunzi wa walimu. Ila ninyi mnaotumwa kukaa nyuma ya madarasa ya vijana hawa na karatasi mkononi, nawaombeni kitu kimoja tu. Mkisikia darasa linacheka, kabla hamjaandika, waulizeni watoto wanacheka nini.