Ghislaine na Malango Tisa ya Vaurieux

Barua ilifika wiki ya pili ya Oktoba. Ghislaine Vandeputte aliisoma akiwa amesimama mlangoni kwake, mabuti miguuni, mvua ikimtiririka kwenye ukingo wa kofia. Mimi nilikuwa nimempelekea jibini, kama kila Alhamisi. Alipomaliza akanipa karatasi.

"Soma, Josiane. Halafu niambie kama nimeelewa vibaya."

Hakuwa ameelewa vibaya. Ofisi ya mifereji ilikuwa inatuarifu kwamba tawi letu la mfereji, kilomita ishirini na mbili na malango tisa ya kupandishia na kushushia vyombo, kutoka mto Saône hadi bwawa la Vaurieux, halikupitiwa na chombo chochote mwaka ule. Ikifika tarehe thelathini Novemba bila chombo hata kimoja kulipita mwanzo hadi mwisho, lingefungwa kabisa. Malango yangeng'olewa na mahali pake pakazibwa kwa zege.

Kwamba hakuna aliyepita ilikuwa kweli. Kiangazi kizima maji yalikuwa haba na ofisi yenyewe ndiyo iliyoyafunga malango kwa minyororo. Walipoyafungua Septemba, watalii walikuwa wamekwisha kurudi makwao na mashua zao nyeupe ziko juu ya magogo, zimefunikwa turubai.

"Wamefunga mlango, halafu wanatulaumu kwamba hatuingii," Ghislaine alisema. Akaikunja barua mara nne na kuitia mfukoni.

Ghislaine alizaliwa ndani ya tishari la baba yake, lililosheheni mchanga, likiwa kwenye foleni ya kusubiri lango huko kaskazini karibu na Douai. Mkunga alipofika mtoto alikuwa ameshaoshwa. Alipopelekwa bweni, kwenye shule ya watoto wa watu wa matishari, alitoroka mara tatu, na mara zote tatu walimkuta gatini. Akiwa na miaka kumi na tisa aliolewa na Firmin, mtu wa majini kama yeye. Tishari lao lilikuwa la mita thelathini na nane. Walishuka na ngano, walipanda na makaa ya mawe, na wakipita kijijini kwetu tuliona nguo zao zimeanikwa kutoka omo hadi tezi kama bendera za sikukuu.

Kisha malori yakachukua mizigo yote. Serikali ikawaambia wenye matishari madogo walete vyombo vyao vikatwe vyuma, walipwe fidia. Firmin akatia sahihi. Walilikata tishari lao kwa siku mbili. Firmin akapewa kazi ya kulinda Lango la Kwanza, pale mfereji wetu unapokutana na mto, pamoja na nyumba ya kuishi. Lakini tangu siku ile alikuwa hataki hata kuyatazama maji. Alikaa jikoni amegeukia ukuta, na Ghislaine ndiye aliyefungua na kufunga malango, jua na theluji. Baada ya majira sita ya baridi Firmin akafariki. Ghislaine akaandikwa kazini kwa jina lake mwenyewe na kuifanya miaka ishirini na miwili. Walipomstaafisha walimwachia nyumba, nadhani kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwomba ufunguo.

Ofisi iliita mkutano katika ukumbi wa kijiji. Aliyekuja ni mkuu wa sehemu, Bwana Cazenave, mtu wa miaka thelathini na tano hivi, mpole, shati limepigwa pasi vizuri. Alituonyesha picha ukutani: gharama, kuta zinazovuja, malango yaliyooza. Watu walinung'unika. Ghislaine akanyoosha mkono.

"Bwana Cazenave, na chombo kimoja kikipita?"

"Basi kimepita, Bi Vandeputte. Kanuni ni kanuni. Chombo kimoja, mwanzo hadi mwisho, kabla ya tarehe. Tawi linabaki wazi."

"Chombo cha namna gani?"

"Chenye injini na karatasi halali." Alitabasamu. "Lakini nani atakuja huku Novemba?"

Ghislaine akaketi. Mimi niliyekuwa pembeni yake nikaanza kuhofu, maana namjua.

Alikuwa na mashua ya chuma ya mita tano na nusu, rangi ya kijani, injini ya dizeli ya silinda moja, aliyoitumia kuvulia samaki. Ilikuwa imefungwa mtoni, chini ya Lango la Kwanza. Wiki sita zile alifanya mambo mawili: aliifungua injini na kuifunga upya, na aliandika ofisini kuomba kufunguliwa. Mara mbili walimwahirishia, mara mafuriko, mara mfanyakazi mgonjwa. Siku waliyompa hatimaye ilikuwa Ijumaa, tarehe ishirini na tisa.

"Nahitaji mtu wa kushika kamba," aliniambia.

"Mimi siwezi kuogelea."

"Sikuomba mtu wa kuogelea."

Asubuhi ile upepo ulikuwa unatoka magharibi, mvua imechanganyika na theluji, na Saône imejaa, rangi ya kahawa ya maziwa, inabeba magogo. Kwenye ukuta wa lango kuna alama nyekundu. Mto ukiifikia, lango linafungwa kwa amri. Maji yalikuwa chini ya alama kwa kiganja kimoja. Régis, mfanyakazi wa mwisho aliyebaki kwenye tawi letu, alikuwa anatusubiri juu na hendeli mkononi, shingo ameivuta ndani ya koti kama kobe.

"Bi Ghislaine, bosi amepiga simu. Anasema mto ukigusa nyekundu, basi."

"Umegusa?"

Régis akachungulia. "Bado."

"Basi unapiga soga na nani? Zungusha."

Kuingia kulikuwa kugumu. Mkondo ulitusukuma pembeni, mashua ikagonga ukuta, mimi nikaanguka juu ya gunia la viazi. Ghislaine alirudi nyuma, akaipa injini nguvu zote, akaingia kati ya kuta mbili za mawe kama mtu anayechomeka uzi sindanoni. Régis akafunga lango nyuma yetu, maji yakaingia, tukapanda taratibu mpaka uso wangu ukawa sawa na mabuti yake. Tulipotoka kwa juu, Régis alipaza sauti: "Sasa ndiyo umegusa." Ghislaine alikuwa ameshaangalia mbele.

Lango la pili na la tatu tuliyapita bila shida. Kisha tukaingia kwenye uwanda usio na mti hata mmoja, upepo unatupiga ubavuni, na mashua nyepesi ile ikawa inakwenda kama kaa, upande upande. Mara mbili tuliangukia kwenye matete na mimi nikasukuma kwa upondo. Magugu ya maji, ambayo ofisi haikuyakata mwaka mzima, yakajisokota kwenye rafadha na injini ikakohoa, ikafa. Ghislaine akavua koti, akalala kifudifudi juu ya tezi, akatia mkono majini hadi begani, kisu cha mkate mkononi. Aliutoa umekuwa mwekundu kama kamba wa kuchemsha.

"Funika mkono huo, mama, utakufa," nilimwambia.

"Baadaye. Nina mwingine."

Alifanya hivyo mara tano kabla ya Lango la Tano. Mimi nilikuwa nafua maji kwa sufuria, maana mvua ilikuwa inatujaza kuliko mfereji wenyewe. Tulikula mkate na soseji huku tumesimama, mkate umeloa kabisa, na kahawa kutoka kwenye chupa. Ni pale aliponiambia jambo ambalo kwa miaka yote ya jibini hakuwahi kuniambia.

"Siku walipolikata tishari letu, mimi nilisimama gatini na mkoba wangu. Mkata vyuma, mwenye mtungi wa gesi, aliniuliza, bibi, kuna kitu umesahau ndani? Nikamjibu hapana, asante. Hivyo tu. Asante." Akakung'uta kikombe majini. "Miaka thelathini na saba najiuliza nilimshukuru kwa lipi."

Kati ya lango la tano na la sita tukakuta mti mkubwa wa mpopla umeanguka, umelala kutoka ukingo hadi ukingo. Régis alikuwa amefika kwa gari lake la kazi, kaegesha, na karibu naye amesimama Bwana Cazenave mwenyewe, kofia nyeupe ya plastiki kichwani, viatu vyake vizuri vimezama tope.

"Pole sana, Bi Vandeputte," alisema, na nadhani alimaanisha kweli. "Kikosi cha miti kitakuja Jumatatu."

"Jumatatu ni tarehe mbili."

"Najua."

"Régis ana msumeno wa injini garini."

"Régis haruhusiwi kuutumia peke yake. Ni sheria ya usalama, siyo mimi."

Régis alikuwa anatazama mabuti yake.

"Kuna sheria inayonikataza mimi?" Ghislaine aliuliza.

Bwana Cazenave alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, hilo nakiri. "Sidhani kuna mtu aliyewahi kuifikiria," alisema.

Ghislaine akaisogeza mashua mpaka pale ambapo shina, likiwa limeegemea ukingo wa juu, liliacha uwazi chini yake. Uwazi wenyewe ulikuwa umezibwa na matawi manene kama paja. Akatoa chini ya benchi msumeno wa mkono, akaanza kukata. Ana miaka sabini na mbili. Mimi nilishika mashua isisogee, mikono yangu siisikii tena. Tawi likikatika alilisukuma kwa mguu, akashika lingine. Theluji ilikuwa inamkaa mabegani. Akapumzika, akakata. Baada ya saa nzima Bwana Cazenave alisema kutoka ukingoni:

"Bi Vandeputte, tafadhali. Mfereji tu huu. Haufai kukugharimu afya yako."

Hakugeuka. "Bwana, tangu nizaliwe watu wenye viatu safi wananiambia kipi kinanifaa. Rudi garini, utapata mafua."

Hakurudi garini. Alibaki pale, na baadaye kidogo Régis akashuka ukingoni, akajilaza tumboni, akaanza kuyavuta matawi yaliyokatwa ili yasirudi kutuziba. Bwana Cazenave akamwona na hakumzuia. Ilichukua karibu saa mbili. Mwisho tukalala chali ndani ya mashua, mimi na yeye, tukijivuta kwa mikono kwenye gome la mti juu ya pua zetu, na bomba la moshi la injini likapita kwa kukwaruza.

"Hii siyo kupita," Bwana Cazenave alisema tulipoibukia upande wa pili. "Hii ni kutambaa."

"Barua yako inasema chombo kipite. Haisemi kipite kimesimama."

Usiku tulilala shambani kwetu, jirani na Lango la Sita. Mume wangu Aimé alitutazama tunavyotetemeka mezani, akaongeza kuni, akasema ameoa mjinga. Asubuhi ndiye aliyetuamsha, na nguo zetu alikuwa amezikausha juu ya jiko.

Jumamosi ofisi haifanyi kazi. Tulipofika kwenye Lango la Sita tulijiandaa kulifungua wenyewe, kwa hendeli ya zamani ya Ghislaine. Tukamkuta Régis ameketi juu ya mkono wa kusukumia lango, nguo za nyumbani, anatafuna mkate.

"Leo siko kazini," alisema. "Niko matembezini."

"Matembezi yako yanaishia wapi?"

"Lango la Tisa, nadhani. Daktari ananiambia nitembee."

Mvua haikukoma siku ile hata dakika moja. Kwenye Lango la Nane kidirisha cha chuma cha kupitishia maji kilikwama, na wale wawili wakaning'inia kwenye hendeli moja, wanatukana kwa zamu, tusi la kaskazini na tusi la hapa kwetu, hadi kikafunguka. Saa nane na robo mchana tukatoka Lango la Tisa na kuingia bwawa la Vaurieux. Palikuwa na watu kama kumi na wawili chini ya miavuli, na meya na mkewe. Hakuna aliyepiga kelele. Walivua kofia tu, kwenye mvua ile, wanaume wote.

Bwana Cazenave alikuwepo pia, Jumamosi yake ya mapumziko, daftari limefunikwa na mfuko wa plastiki. Aliandika: tarehe, saa, urefu wa chombo. Kisha akasita.

"Kuna sehemu ya mzigo. Niandike hakuna?"

"Andika viazi kilo kumi," Ghislaine alisema, "na Josiane."

Akaandika viazi. Ghislaine akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa haukunjiki. Hakumwambia asante. Nilikuwa namtazama mdomo, nikaona amelizuia neno hilo kwa makusudi, akafunga kalamu, akamrudishia.

Alilala wiki saba kwa kifua. Daktari alimgombeza, nami akanigombeza. Malango hayakung'olewa. Lakini Januari ikaja barua nyingine: kanuni imebadilishwa, kuanzia mwaka huo tawi litabaki wazi iwapo tu vyombo visivyopungua ishirini vitapita. Nilimsomea mimi, yeye akiwa kitandani, mito mitatu mgongoni. Nilitegemea atalia. Akaniomba miwani, bahasha, na kile kitabu chake cha anwani cha enzi za matishari, kilichofungwa kwa mpira.

"Nusu yao wamekufa," nilimwambia.

"Basi tuwaandikie nusu nyingine. Na watoto wa waliokufa."

Aliandika barua sitini na nne kwa mkono. Mwezi Mei vyombo vilianza kuja: mashua za kukodi, matishari yaliyogeuzwa nyumba, mtumbwi wenye injini ndogo kama ya kusagia nyama. Kufikia Oktoba Régis alikuwa amehesabu thelathini na moja. Ghislaine hakupanda hata kimoja. Alisimama kwenye Lango la Kwanza, amevaa koti la mvua hata palipokuwa na jua, akiwakemea waliogonga ukuta kwamba walijifunza wapi kuendesha, kwenye bafu la mama zao.