Sista Aliyeniuliza

Mtoto wangu wa pili alifariki kabla hajaanza kutambaa. Ilikuwa miaka ya sabini, kule Gesima. Mume wangu alifundisha karibu na Keroka na kurudi nyumbani mwisho wa wiki. Baada ya mazishi watu walirudi kwenye mashamba yao ya chai, nami nikarudi kwenye langu. Nilichuma, lakini mikono ilikuwa kama ya mtu mwingine.

Kichwa kilikuwa kinaniuma, kwa hiyo nikaenda zahanati. Sista wa pale alikuwa muuguzi mgeni kutoka pwani, Kigusii chetu hakukijua hata salamu. Tuliongea kwa Kiswahili changu cha shule. Mara ya kwanza alinipa vidonge. Niliporudi, hakugusa dawa. Alifunga mlango, akavuta kiti karibu.

"Mama, unalala?"

"Silali, Sista."

"Mtu akifiwa na mtoto, wakati mwingine hutamani kumfuata. Wewe umewahi kuwaza kujiua?"

Angeniuliza kwa Kigusii, nisingejibu. Kwetu neno hilo halikutamkwa, kana kwamba kulitaja ni kuliita lije. Kwa Kiswahili niliweza kulisogelea.

"Nawaza kila siku," nikasema, na machozi yakanitoka.

Nilitarajia anihubirie. Alinishika tu mkono, akaningoja nimalize.

"Nyumbani, nani ukiwa naye unapata nafuu?"

"Mama mkwe," nikajibu, na mwenyewe nikashangaa.

Jioni, alipofunga kazi, tulipanda mlima pamoja hadi nyumbani. Mama mkwe hakujua Kiswahili, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa habari zangu mwenyewe. Sista akisema, mimi natafsiri. Nilipofika kwenye lile neno, ulimi ukakwama.

Mama mkwe alinishika shavu. "Nimeelewa, mwanangu," akasema kwa Kigusii. "Nilikuwa naona. Sikujua nianzie wapi."

Sista aliomba mambo mawili: nisiachwe peke yangu, na dawa ya kuogeshea ng'ombe iondolewe nyumbani. Mama mkwe aliinuka papo hapo, akaipeleka kwa shemeji yangu. Aliporudi alikuwa na mkeka na blanketi lake, akatandika kando ya kitanda changu. Alilala hapo hata mume wangu alipokuwepo. Mume wangu alipoambiwa, alikaa mlangoni akalia, na tangu hapo akawa anakuja hata katikati ya wiki.

Kila siku ya kliniki nilirudi kwa sista. Siku nyingine tulikaa tu, maneno machache. Sikupona mara moja; kuna asubuhi nilizoamka na uzito uleule, nikamwambia mama mkwe, naye akaahirisha kwenda sokoni.

Kisha siku moja, tukichuma chai, nilimwambia nina njaa, neno ambalo sikuwa nimelisema tangu mazishi. Aliniangalia, akacheka mpaka jirani akauliza kuna nini. Tuliacha vikapu vikiwa nusu, tukashuka nyumbani, akanisongea ugali wa wimbi, akakaa mbele yangu kunitazama nikila.