Sinema Iliyomchekesha Babu

Mwanamke akikaa chini ya draya hasikii kitu. Ukimwekea taarifa ya habari, anaona midomo tu inachezacheza. Ukimwekea tamthilia, atakuuliza kila baada ya muda huyo kasema nini, na wewe mikono yako imejaa dawa ya nywele. Ndiyo maana kwenye saluni yangu ya Mpanda mjini nilianza kuonyesha sinema bubu, zile fupi za zamani, nyeusi na nyeupe, za watu wanaoteleza, wanaorushiana unga na kukimbizwa na polisi. Nilizikuta kwenye flashi niliyonunua kwa ajili ya nyimbo za kwaya, zimejazwa humo bila majina wala mpangilio. Wateja wakazipenda. Msukuma aliyemleta binti yake kusukwa kwa ajili ya harusi alicheka, Mfipa akacheka, na mama mmoja wa Kipimbwe alicheka mpaka kichwa kikatoka ndani ya draya, ikabidi nimfunge rola upya.

Siku moja nilitaka kujua jina la moja ya zile sinema, kwa sababu mteja alikuwa ananisumbua nimtafutie nyingine ya mtu yuleyule. Kuulizauliza kwangu kukanifikisha kwenye kundi la kwenye simu ambalo sikudhani kama lingeweza kuwepo. Watu wa Kigoma, Tanga, Mombasa, Morogoro, hata Bukavu, kazi yao moja tu: mtu anasimulia sinema ya vituko aliyoiona zamani, jina halijui, na wengine wanamhoji mpaka inapatikana. Admini wetu ni fundi redio wa Tanga, mzee mkali kidogo, na swali lake la kwanza kwa kila mgeni ni lilelile: "Umeiona mwenyewe au umesimuliwa?" Ukisema umesimuliwa, anakuambia kamlete aliyekusimulia.

Nilikaa humo muda mrefu nikiwasaidia wengine. Nina jicho la nguo. Naweza kukwambia hili koti ni la yule mwembamba na siyo la yule mwenye kitambi. Yangu mwenyewe ya kutafuta sikuwa nayo, mpaka alipokuja Masenge.

Masenge ndivyo tunavyomwita shangazi kwa Kirundi. Huyu ni dada mkubwa wa baba yangu, anaishi Mishamo, kwenye makazi ya sisi tuliotoka Burundi kwa ukimbizi, na alikuja Mpanda kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Bandeji ilipotolewa, daktari akamwambia asirudi kwanza kwenye vumbi, basi mchana kutwa akawa anakaa saluni, kwenye kiti cha kona, anaangalia kila kitu kama mtu aliyehamia mji mpya. Alinishangaa nywele zangu zilivyoanza kuwa na mvi. Aliwashangaa nzi. Halafu akaiona televisheni, ambapo jamaa mmoja alikuwa anateleza kwenye sabuni, anainuka, anateleza tena. Saluni nzima ilikuwa inacheka. Yeye alitazama mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Siye huyu," akasema.

"Siye nani, Masenge?"

"Yule wa ngazi."

Nikaacha kichwa cha watu nusu, nikamsogelea. Akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia, mimi niliyelala kwenye mkeka wake utoto wangu wote.

Ilikuwa miaka ile walipoletwa Mishamo kutoka mpakani, msitu bado unakatwa, kila familia na shoka lake. Gari likaja na mashine, wakatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala. Kwanza wakaonyeshwa habari za kuchimba choo na kuchemsha maji. Kisha, bila maelezo yoyote, akatokea mtu amebeba ngazi ndefu begani, anapita sokoni. Babu yangu, baba yake Masenge, alikuwa amekaa juu ya debe. Tangu wavuke mpaka kukimbia vita, alisema Masenge, babu alikuwa anaongea maneno ya kazi tu. Leta jembe. Funga mbuzi. Zima moto. Siku ile alicheka. Alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye debe, na alipoanguka akaendelea kuchekea huko chini.

"Nilikuwa msichana," Masenge akasema. "Nilimwangalia baba kuliko nilivyoiangalia picha yenyewe. Ndiyo maana siikumbuki yote. Sasa nimepewa jicho, nataka niione. Nijue alikuwa anacheka nini."

Mteja wangu, na kichwa chake nusu, alikuwa analia waziwazi. "Dada, mtafutie," akaniambia. "Mimi nasubiri."

Nikaandika kwenye kundi palepale. Admini akauliza swali lake, nikamjibu kwamba aliyeiona yuko hapa, ana jicho jipya, muulizeni mnachotaka. Wakaanza. Ana masharubu? Hana. Mnene? Wa kawaida, ila miguu mirefu. Ngazi ya mbao au ya kamba? Ya mbao, ndefu kama nyumba. Kulikuwa na maandishi katikati? Yalikuwepo, lakini nani aliyasoma. Na baada ya soko? Hapo Masenge akafumba macho. Baada ya soko, akasema, yule mtu alikuwa juu ya kitanda chenye magurudumu, kinateremka mlima mzima mzima, na bata wakubwa wanamkimbiza.

Kwa siku kadhaa walituma vipande vya sinema, na Masenge akavihukumu kutoka kwenye kona yake huku wateja wakimzunguka. Siye. Siye. Huyu ana miguu mifupi. Huyu ananifurahisha, lakini siye. Mmoja aliyebeba ngazi kweli alimtazama kwa makini, kisha akamkataa. "Huyu ana haraka mno. Wetu alikuwa mpole. Balaa ndiyo ilikuwa na haraka."

Kilichotukwamisha kilikuwa kofia. Masenge alishikilia kwamba sokoni yule mtu alikuwa na kofia na nywele nyingi zinatokeza pembeni, lakini juu ya kitanda kichwa kilikuwa kipara, kinang'aa. Admini akatuma ujumbe wa sauti, kwa adabu kabisa: "Shangazi yetu, katika sinema ya dakika chache namna hii hakuna mtu anayepata nafasi ya kunyoa."

"Mwambie alinyoa," Masenge akanijibu. "Mimi niliona kipara. Kama hataki, shauri yake."

Wengine wakaanza kusema kumbukumbu imechuja, miaka ni mingi, tutafute kitanda tu, ngazi tuiache. Mimi nilikuwa naanza kukata tamaa. Yeye hapana. Kila asubuhi alikuwa wa kwanza kufika kwenye kiti, amefunga kitenge chake vizuri, kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi.

Katika kundi letu kulikuwa na mama mmoja wa Mamba, upande wa Mpimbwe, mkulima wa mpunga, ambaye huandika kwa nadra maana msimu ukifika anashinda shambani kufukuza ndege. Asubuhi moja akatuma sauti. Nyuma yake nilisikia ndege wenyewe na mtu anapiga debe.

"Jamani nyie, mnamtesa mama wa watu bure! Hiyo gari ilikuja na kwetu huku Mamba, nikiwa shule ya msingi. Walitundika shuka kwenye ukuta wa parokia. Sisi tuliwekewa ya kitanda kwanza. Ikaisha. Mashine ikazimwa, wakabadilisha mkanda, ndipo ikaja ya ngazi. Ni picha mbili! Ni watu wawili! Mwenye nywele ni mwingine, mwenye kipara ni mwingine."

Nilipiga kelele mpaka mwenye duka la jirani akaja mbio akidhani nimeungua na maji ya moto. Nikamwekea Masenge ile sauti mara ya pili na ya tatu. Akasikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Kumbe hakunyoa," akasema taratibu. Kisha akaanza kutabasamu. "Lakini kipara nilikiona."

"Ulikiona, Masenge. Ulikiona kabisa."

Na admini, Mungu ambariki, akawa wa kwanza kuandika: "Naomba radhi kwa shangazi wa Mishamo. Jicho lake la zamani ni zima kuliko kompyuta yangu. Haya, kila mtu ashike njia yake: wa ngazi huku, wa kitanda kule."

Kundi likagawanyika kama watu wanaotafuta ng'ombe waliopotea. Yule wa ngazi alipatikana kabla jua halijazama, kijana wa Kigoma alikuwa naye muda wote. Alimpita mwanzoni kwa sababu tulikuwa tunasisitiza kitanda. Yule wa kitanda alitusumbua zaidi. Sinema hizi zilisafiri nchi nyingi, kila zilipofika zikapewa jina jingine, na nyingine zikakatwa ili ziwe fupi. Dada mmoja wa Morogoro aliipata chini ya jina lisilotaja kitanda wala bata. Nikamwekea Masenge. Kitanda kikateremka, bata wakakimbiza, kitanda kikaingia mtoni, ikaisha.

"Haikuishia hapo," Masenge akasema. "Alitoka majini na bata."

Nikaandika: anasema alitoka na bata. Safari hii hakuna aliyebisha. Kesho yake admini akatuma nakala ndefu aliyoisaka kwa rafiki yake wa ng'ambo. Maji yalitulia. Kisha kikatokea kipara, polepole, na juu yake bata amekaa ametulia kama yuko kwenye kiota.

Masenge alisimama akapiga makofi. Alipiga makofi kama tunavyopiga kanisani, kwa mikono iliyonyooshwa. Nilipowapelekea kundi habari, simu ilitetemeka kwa pongezi mpaka ikajisukuma na kuanguka kutoka kwenye rafu. Nikanyoosha mkono kumwekea ile ya ngazi, naye akanikamata kiganja.

"Hapana. Zima. Hiyo siyo ya kutazama na watu wa rola. Hiyo ni ya Mishamo."

Basi tukaipeleka Mishamo. Binamu yangu anayeonyesha mpira alitupa projekta yake na spika, ingawa spika hatukuihitaji. Mama wa Mamba alipanda basi kuja Mpanda akiwa na mchele kwenye mfuko, zawadi ya mtu aliyekuwa hajawahi kuonana naye. Walipokutana mlangoni kwangu, yeye na Masenge walitazamana, mmoja akasema "ngazi," mwingine akasema "bata," wakakumbatiana wanacheka kama wasichana wa shule.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Tuliziba madirisha ya ukumbi wa kanisa kwa turubai na vitenge ili pawe na giza. Baiskeli na pikipiki zilijaa nje. Watu walitoka vijiji vya mbali. Mbele walikaa wazee waliokuwepo siku ile ya ghala, na wapo waliosema wameisahau kabisa, mpaka shuka jeupe lilipotundikwa, ndipo mmoja akanyoosha kidole: "Debe la baba yako lilikuwa upande ule."

Ikaanza. Yule mtu akaingia sokoni na ngazi begani. Mtu wa kwanza akamsalimia kwa kunyanyua kofia. Naye, kwa kuwa ni mpole, akageuka kumjibu, na mkia wa ngazi ukafagia meza ya mayai. Mwenye mayai akapiga ukelele. Akageuka kumwomba msamaha, ngazi ikampiga polisi kisogoni. Kila aliyemsalimia alimjibu, kila alipojibu alibomoa kitu. Hakuweza kupita bila kuitika. Ukumbi ulikuwa unayumba. Watoto wamelaliana. Mzee mmoja alikuwa anapiga sakafu kwa fimbo.

"Hapa!" Masenge akapaza sauti. "Hapa ndipo alipoanguka!"

Kwenye shuka, polisi aliyekaa kwenye beseni la unga alikuwa ananyanyua mkono kumsalimia mwenye ngazi, na mwenye ngazi, uso umejaa huzuni na heshima, alikuwa anaanza kugeuka.

Masenge akaniegemea sikioni. "Alisema, adabu itamuua huyu. Nimekumbuka sasa. Alisema hivyo kwa Kirundi, ndipo akaanguka."

Hapo nikaelewa, na nikacheka kwa kifua chote. Babu niliyemfahamu mimi, miaka mingi baada ya kicheko kile, alikuwa mtu wa salamu. Kwenda naye kisimani ilikuwa safari, maana kila aliyekutana naye alimuuliza watoto, mbuzi, mahindi, mgongo, na ndoo inasubiri. Mtu yule wa ngazi alikuwa yeye. Katika nchi ngeni, miongoni mwa watu wasiomjua, aliona mtu mwingine anayeshindwa kupita bila kuitika.

Walidai irudiwe. Tukairudia. Tukaweka ya kitanda, nayo tukairudia, na bata alipotokea juu ya kipara mama wa Mamba alisimama kwenye benchi na kupiga vigelegele. Nilirekodi kidogo nikawatumia wenzetu. Admini alijibu kwa sauti, lakini kulikuwa na kicheko tu.

Siku hizi Masenge ana simu yake na yumo kwenye kundi. Wiki iliyopita kaka mmoja wa Songea aliandika anatafuta sinema ya mbuzi aliyeingia kwenye harusi akala shada la bibi harusi, jina hajui. Kabla hata sijasafisha mikono nijibu, Mishamo ilishatuma sauti.

"Tulia, mwanangu, tutaipata," Masenge alikuwa anamwambia. "Kwanza niambie. Umeiona mwenyewe au umesimuliwa? Na huyo mbuzi, ana pembe au hana?"