Ngazi ya Baba

Wiki jana, nikirudi nyumbani Muaither, huku ughaibuni, kutoka kazini, niliona lori limebeba karavani nzima, pazia bado linapepea dirishani. Nilicheka kwa hasira. Kumbe kweli zinaweza kuondoka!

Yetu, tuliyoishi nilipokuwa mtoto, ilikuwa mtaa wa Umm Salal, kwenye kona ya shamba lililonuka mbuzi, na kiyoyozi chake kilikoroma kama mlevi. Kila mama alipolalamikia joto au choo cha nje, baba alimjibu, "Tuko hapa kwa muda tu, Mama Achieng. Nyumba ya Siaya ikiisha, tunaenda." Mimi nilikuwa nimeyaona magurudumu chini ya sakafu, basi nikaelewa kwamba siku moja tungevutwa hadi Siaya tukiwa humo ndani, sufuria na kila kitu.

Ijumaa moja alasiri baba alikoroga saruji huku akipiga mluzi, akatujengea ngazi mlangoni. Harufu ya saruji mbichi iliingia hadi kwenye chai.

"Sasa hamtaruka tena mkitoka," alisema kwa fahari.

Nikaangua kilio. Ametugandisha ardhini, sasa tutaondokaje? Kugeuka, nikamwona mama naye analia, ufagio mkononi.

"Jamani, ni ngazi tu!" baba akafoka.

Nilidhani mama naye analilia magurudumu. Leo nina watoto wangu, nyumba ya Siaya bado haina paa, na naona sikukosea sana.

Jana baba alinipigia simu kutoka karavani ileile. Ngazi imeingia ufa, nimpelekee mfuko wa saruji.