Kifundo cha Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuwa fundi cherehani. Alikamatwa Area 36, mtaa wa Lilongwe, akishona mapazia, kosa lake kuishi mjini bila kibali, maana sisi wakimbizi tulitakiwa kukaa kambini Dzaleka. Dzaleka yenyewe zamani ilikuwa gereza, kwa hiyo alitoroka gereza la zamani wakamtia jingine, la Lilongwe.

Kila Jumamosi nilimpelekea nsima, ugali wa huko, na maharage, sahani nimeifunga kwa kitenge. Mlinzi alinionjesha kwanza, eti nisije nikamlisha sumu mtoto wa mama yangu. Baadaye sahani ilirudi tupu, kitenge kimefungwa upya: kifundo bapa, ncha zimefichwa ndani. Hata gerezani yule mtu aliringia kazi yake.

Kisha wafungwa wakagoma kurudi vyumbani kwa sababu ya njaa, na polisi wakaitwa. Redio ilisema utulivu umerejea. Ilisema pia kwamba wamekufa watu, bila kutaja majina, na kwamba nguvu iliyotumika ilikuwa ya kiasi. Sijui kiasi hicho walikipima kwa kibaba gani.

Jumamosi iliyofuata hawakuruhusu kuonana na mtu, walipokea chakula tu. Nikaonja, nikatoa sahani, nikangoja ukutani na mama mkimbizi mmoja wa Fizi ambaye mume wake alikuwa ndani.

“Dada, kama amekufa, batarudisha chakula yote,” aliniambia. “Sahani ikirudi tupu, njo iko muzima.”

“Na kama ni baaskari banakula?”

“Askari atakula, lakini hatakufungia kitenge.”

Sahani ilirudi tupu. Kitenge kilikuwa kimefungwa, ila si kwa namna yake. Kifundo kilikuwa kinene, kimekaa upande, ncha moja inaning’inia. Nilijua kuna mtu amekula chakula cha marehemu.

Yule mama akakigusa. “Angalia, dada. Iko na mate.”

Kweli kilikuwa kimelowa, na kitambaa kilikuwa na alama za meno. Ile ncha ya pili ilikuwa imesukumwa ndani, vibaya, lakini imesukumwa. Ni yeye tu angehangaika kuificha. Alikuwa amefunga kwa mdomo.

Nililia kwa furaha pale ukutani, na nilikuwa bado nalia nilipoelewa. Wiki nzima nilikuwa nimemwomba Mungu uhai wake. Mikono sikuitaja.